Mlango Uliokunywa kwa Miguu

Kriii, halafu ngwaa, halafu Bwana. Ndivyo ulivyokwenda wimbo wa asubuhi katika nyumba niliyofanya kazi ya uaya, ya kulea mtoto wa Wahindi, pale Thika, na mpaka leo nikisikia ubao ukikwaruza saruji mahali popote, mgongo wangu hunyooka wenyewe na mkono hutafuta mtoto wa kubeba. Kriii ulikuwa mlango wa gereji ukianza kufunguka. Ngwaa ulikuwa mlango huo huo ukibadilisha nia. Na Bwana alikuwa Bwana, mwenye duka la vitambaa, mwenye gari la rangi ya maziwa, na mwenye sauti iliyofika dukani kabla yake.

"Mlango gani hii! Jana nafunguka, leo nakataa! Aya! Fundi yako nafanya kazi ama nafanya mchezo?"

"Fundi yako" maana yake baba yangu. Mlango ukifunguka vizuri alikuwa fundi wa Bwana. Ukikwama, alikuwa fundi wangu.

Baba ndiye aliyeutengeneza, kwa mikono yake, mlango wa mbao wenye mapande mawili makubwa, moja likifunguka kushoto na jingine kulia. Mimi niliyaita mapacha. Mbao zenyewe alizinunua Bwana kwa rafiki yake, kwa bei ya kirafiki, na zilikuwa mbichi kiasi kwamba ungezichomeka ardhini zingeota majani. Baba alimwambia, "Bwana, hizi zilale kivulini kwanza, hata miezi mitano." Bwana akacheka. "Mbao si mgonjwa, fundi. Kwa nini nataka kulala?" Basi mbao hazikulala. Zikasimamishwa mlangoni siku ile ile, na tangu hapo hazikumruhusu mtu mwingine yeyote kulala baada ya saa kumi na mbili asubuhi.

Wanaoijua Thika wanajua joto lake. Si joto kavu la kukausha nguo ukaenda zako. Ni joto la sufuria iliyofunikwa. Mito iko huku na huku, mvuke unapanda asubuhi, na ikifika masika hata chumvi inalia machozi kwenye kopo. Sisi wa Ruiru tukifika huko tunajifuta uso na kusema ni karibu tu, mbona jua si lile. Mlango nao ulikuwa unasema hivyo hivyo kwa njia yake. Masika ukavimba. Kiangazi ukasinyaa mpaka paka akapita katikati ya mapacha bila kuinamisha masharubu.

Nyumba ile haikukosa madaktari. Wa kwanza alikuwa Ba, mama yake Bwana, ambaye sote tulimwita Ba kwa sababu ndivyo wajukuu walivyomwita, na jina jingine hakuna aliyethubutu kuuliza. Ba alikuwa mdogo kama ndege, na aliamini hakuna ugonjwa duniani usiosikia samli. Akapaka samli kwenye bawaba zote sita. Kwa siku mbili gereji ikanukia chapati, nikawa nafungua mlango huku tumbo likinguruma. Siku ya tatu wakaja sisimizi, mstari mrefu kutoka ukutani, wakiwa na adabu kuliko watu wengi wa sokoni. Nyuma ya sisimizi wakaja mijusi. Nyuma ya mijusi akaja paka wa jirani. Mlango ukabaki umekwama, lakini sasa ulikuwa na wageni.

Ba hakukata tamaa. Akatunga ndimu moja na pilipili mbichi kwenye uzi, akazitundika juu ya mlango kuzuia jicho la hasidi.

"Chokri," akaniambia, na chokri kwao ni msichana, "mtu naona mlango nzuri, roho yake nauma."

Nilimkubalia kwa kichwa. Nani angeuonea wivu mlango ule sikujua. Labda mlango mwingine, uliokwama zaidi.

Bwana mwenyewe alikuwa daktari wa rangi. Kila mwaka ikikaribia sikukuu yao ya taa, nyumba nzima ilioshwa, ikapakwa, ikapambwa, na mlango wa gereji ukapewa koti jipya la kijani kibichi. Sikukuu ile ni nzuri, sijaona nzuri kama ile, taa ndogo za udongo zimepangwa ukutani mpaka unahisi nyota zimeshuka kununua vitambaa. Tatizo ni moja. Inakuja wakati wa vuli, mvua ikiwa imeanza. Kwa hiyo Bwana alikuwa anapaka rangi juu ya ubao uliolowa, akiyafungia maji ndani kama mtu anayefunga mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe na kwenda zake akifurahi. Jua likitoka, rangi inatoka malengelenge. Bwana anaguna, anasema rangi za siku hizi ni mbaya. Mwaka unaofuata anaongeza nyingine juu yake.

Halafu wote wakishindwa, anaitwa Baba.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wakati ule halikuhitaji kuelezwa. Ilikuwa miaka ya vibali, serikali ya Wazungu ikiwasaka watu wa msituni. Mtu wetu hakutoka tu Ruiru akaja Thika kwa sababu amemkumbuka binti yake. Lazima awe na barua, na barua iseme anakwenda kwa nani, kufanya nini, na lini atarudi, na arudi kabla jua halijashuka. Kumkumbuka mtoto hakukuwa kazi inayotambuliwa. Kutengeneza mlango kulikuwa. Basi Bwana aliandika barua, dereva wa lori la duka akaipeleka, na kesho yake Baba akatokea barabarani na sanduku lake la vyombo begani, akitembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuuona uso wowote hasa. Lakini mimi nilimwona akinyoosha shingo tangu kona.

"Maitu, hujambo?" aliniambia. Maitu kwetu ni mama yangu. Nimechukua jina la mama yake, kwa hiyo aliniheshimu hivyo tangu nikiwa mchanga, hata siku za kunichapa.

"Sijambo, Baba. Mama je?"

"Anasema ukonde kidogo, unene ni wa Wahindi." Hapo anaangalia mikono yangu iliyokuwa kama vijiti vya kuchochea moto, anacheka peke yake.

Aliniomba nimsomee barua ya Bwana, ingawa alikwisha kuionyesha njiani mara tatu kwa watu wenye bunduki. Mimi nilifika darasa la nne na kusoma nilikuwa naweza. Barua ilisema mchukuzi wake ni seremala, anakuja kwa ajili ya mlango. Baba alisikiliza kwa makini kama anasikia habari za mtu mwingine, mtu mwenye cheo. "Seremala," alirudia. "Ameandika seremala? Hakuandika boi?" Hakuandika boi. Akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

Kisha akafanya kazi. Masika alipiga randa ukingo wa chini mpaka mlango ukapita. Kiangazi, mapacha yaliposinyaa, alipigilia kipande chembamba cha ubao kuziba pengo. Vuli akakipiga randa kile kile alichokipigilia. Mlango ule ulinyolewa na kutiwa kiraka, ukanyolewa na kutiwa kiraka, na kila mara Bwana alisimama pembeni, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa maarifa. Mimi niliokota maranda, yale magamba ya mbao yanayojikunja, nikayavaa masikioni kama hereni na kumtikisia mtoto niliyekuwa nikimlea, tukaenda harusini ndani ya gereji, mimi bibi harusi, yeye wageni wote. Mchana tulikula viazi vitamu ambavyo Mama alivifunga kwenye jani la mgomba. Saa tisa Baba alitazama jua, akafunga sanduku.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, huyu msichana alisikitika mlango ukikwama? Jamani. Kriii, ngwaa, Bwana. Kwangu ile ngwaa ilikuwa Baba anabisha hodi.

Ilianza kwa bahati, naapa. Mwezi wa Januari, jua kali, mlango umesinyaa na una afya. Nilikuwa nimemwogesha mtoto kwenye karai uani, nikachoka kwenda mpaka mtaroni, nikayamwaga maji pale pale chini ya mlango wa gereji. Saruji ya kizingitini ilikuwa na bonde, maji yakatuama. Jioni ya pili nikafanya vile vile, na ya tatu, kwa uvivu tu. Asubuhi ya nne: kriii, ngwaa.

Bwana akashangaa. "Mvua hakuna! Mlango naumwa nini sasa?" Barua ikaandikwa. Baba akaja na viazi.

Mtu wa darasa la nne si mjinga. Kujumlisha tulifundishwa. Maji jumlisha mlango ni sawasawa na Baba. Tangu siku ile nilikuwa aya msafi kuliko aya wote wa mtaa. Mtoto alioshwa asubuhi na jioni mpaka Ba akaniuliza kama kwetu watoto hubadilika rangi. Maji yote yalikwenda kizingitini, kwa heshima, taratibu, nikiyaelekeza kwa mguu yapate kuingia kila mahali. Niliota mambo makubwa wakati huo. Niliota mlango utakwama kila wiki, mwisho Bwana ataona ni shida kuandika barua kila mara, atasema seremala akae hapa hapa, ajengewe chumba nyuma ya gereji, na Mama aje na kuku. Kuku nilikuwa nimeshawapa na majina.

Baba akaja mara ya pili mwezi ule. Akaja mara ya tatu mwanzo wa Februari, na mara hiyo hakucheka kona ya barabara. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Njiani walikuwa wamemkalisha chini muda mrefu, wakiuliza huu mlango gani unaougua zaidi ya mtu.

Alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya pacha la kulia. Akavitazama. Akavinusa. Kisha akatazama juu, mbinguni, pasipo na hata wingu la dawa.

"Maitu."

"Naam, Baba."

"Mvua ya hapa kwenu ina sabuni."

Mtoto begani ndiye aliyejibu, akapiga kelele za furaha kumwona Baba, na kichwa chake kilinukia sabuni ile ile. Shahidi wa serikali kabisa.

Afadhali Baba angenipiga. Alikaa tu juu ya sanduku lake, akapangusa vidole kwenye suruali, mabega yakaanza kutikisika, na nilipochungulia nikaona anacheka. Halafu nikaona hacheki tu.

"Mimi nilifikiri ni mikono yangu," akasema. "Nilimwambia mama yako, mikono imezeeka, sasa naharibu mlango hata kiangazi."

Hapo ndipo Bwana alipotoka. Hakutoka peke yake, alitoka na hasira zake. Alikuwa amezileta zote. Akasema mtaa mzima unamcheka, gari linalala nje kama ng'ombe. Akasema jirani yake wa duka la vyombo alitaka seremala wa kutengeneza rafu, na yeye Bwana ndiye aliyemwambia angoje, kwanza aone masika.

"Sikia, fundi. Masika hii mlango nakwama, basi. Barua hakuna. Na mimi naambia duka yote hii barabara, huyu mtu seremala hapana."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari, kweli, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Baba akanitazama mara moja tu, kwa jicho la nyumbani, lile linalofunga mdomo wa mtoto hata ukiwa umejaa uji.

"Ni makosa yangu, Bwana," akasema. "Kazi haikuwa nzuri. Lakini nipe rangi kidogo, niushushe mlango, nipake huku chini. Mbao hainywi maji kwa uso. Inakunywa kwa miguu."

"Chini?" Bwana akainama, akatazama, akainuka. "Nani naona chini? Mimi natia rangi mahali watu naona. Piga randa, kwisha."

Na kweli mlango ule ulikuwa na makoti matatu usoni, kijani juu ya kijani, umejipodoa kama bibi harusi, na chini uko pekupeku kama siku ulipozaliwa. Baba akapiga randa. Kopo la rangi lililobaki lilikuwa pale pale kwenye rafu ya gereji, mkono ungelifikia. Hakuligusa. Mtu aliyenilea alikuwa hivyo, rangi ya mtu ni ya mtu, hata ikikauka kopolini bure.

Nilimsindikiza mpaka kona. Sikulia, nilikuwa na mtoto mgongoni na angelia pia, na wawili ni wengi.

"Baba, ningemwambia ni mimi."

"Umwambie, akufukuze, halafu? Seremala akikosea mlango, watu wanasema ni mbao. Aya akimwaga maji mlangoni kwa mtu miaka hii, wewe unajua watasema ni nini."

Nilijua. Watasema ni kiapo cha watu wa msituni.

"Na ule mlango," akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunaongea habari za mahindi, "hata mwanamke anaweza kuuponya. Mradi ukauke kwanza. Usipake juu ya maji, utafanya kama bwana wako. Unashika kwa kiganja kila siku, ukisikia chini kuna joto kama juu, basi umekauka. Bila kuushusha, unachukua kipande cha gunia." Akanionyesha kwa mikono jinsi ya kukivuta huku na huku. "Mimi nasema tu. Siwezi kumwambia mtu aguse rangi ya wenyewe."

Akaenda. Viazi aliviacha, hatukuwa tumevila.

Basi nikaanza kungoja, mimi ambaye kungoja sikukujua. Karai nilikuwa nalibeba mpaka mtaroni, kila jioni, nikipita kizingiti kile kama mlevi aliyeokoka anavyopita kilabu. Kila adhuhuri niliinama nikatia kiganja chini ya mapacha. Juu ubao una joto, chini una ubaridi. Kesho, chini una ubaridi. Wiki nzima. Ba aliniona mara moja nimelala kifudifudi na mkono chini ya mlango, akafikiri naomba. Akafurahi sana. Akaongeza ndimu ya pili.

Nilikuwa na hesabu nyingine pia, na hii sikuipenda. Mlango ukikwama masika, Baba haji tena, na jina lake limeharibika barabara nzima. Mlango ukipona, jina lake linabaki, lakini nani atamwandikia barua ya mlango usioumwa? Labda yule wa rafu. Labda. Niliigeuza hesabu hii upande huu na ule kama chapati, na kila upande ulikuwa umeungua kidogo. Kuku wangu wa ndotoni nikawapunguza. Nikamwacha mmoja.

Mwezi wa tatu ukaingia. Mawingu yakaanza kujipanga upande wa milima, mchana ukawa mzito, shati la mtoto linashika mgongo kabla hujalifunga vifungo. Jioni moja Bwana akatazama mbinguni, kisha akatazama mlango, kisha akanitazama mimi. Bwana kukaa kimya kulikuwa jambo la kutisha kuliko ile ngwaa.

Kesho yake adhuhuri nikatia kiganja. Chini kulikuwa na joto kama juu.

Bwana alikuwa dukani na gari lake. Ba amelala, mtoto amelala kando yake, mkono wa Ba juu ya tumbo lake. Nikachukua kopo kwenye rafu. Rangi ilikuwa imeota ngozi, nikaitoboa kwa kijiti, nikakoroga mpaka ikakumbuka kazi yake. Gunia nililikata kipande kirefu kama kitambaa cha kichwa, nikalichovya. Kisha nikafungua mapacha yote mawili, kwa utulivu, na yakafunguka bila kriii, bila ngwaa, kama milango ya watu wengine. Nikaketi chini, ukingo wa mlango katikati ya magoti yangu, mkono mmoja upande huu, mkono wa pili upande wa pili, nikavuta gunia chini ya ubao, huku na huku, kama mtu anayejisugua mgongo. Nikasogea kidogo. Nikavuta tena. Rangi ikanitiririkia mpaka kwenye viwiko. Pacha la kulia likaisha, nikaenda la kushoto, na pale mwisho kabisa, karibu na bawaba, ambapo gunia halikufika, nikalala ubavu na kupaka kwa kidole.

Nikayaacha mapacha wazi yakauke. Vidole nikavisugua kwa mafuta ya taa, na kopo nikalirudisha mahali pake, jina likitazama mbele kama nilivyolikuta. Karai la maji ya mtoto ya asubuhi lilikuwa bado liko uani. Nikalibeba, nikapita kizingitini, nikaenda kuyamwaga kwenye mpapai.